Mama Anastasia Mughwai na Mkono Ulioungua Jikoni

Leo, tarehe 30 Juni 1976, Mama Anastasia Mughwai anastaafu baada ya kuitumikia shule yetu kwa miaka ishirini na minne. Sisi wanafunzi tumepewa heshima ya kuandika habari zake, na tumeziandika tukiwa tumeshiba uji wake wa asubuhi.

Aliajiriwa mwaka 1952, shule hii ilipokuwa bado shule ya kati na jiko lake kibanda cha nyasi. Alianza kwa kuchota maji na kupepeta mtama, kisha akawa mpishi, na hatimaye mpishi mkuu. Uji wake wa uwele wenye karanga unajulikana hadi Kiomboi, kwa sababu waliosoma hapa hawaachi kuusimulia. Tena ana ulimi mchangamfu. Mwanafunzi akirudi na bakuli mara ya tatu, humtazama toka juu hadi chini na kumwuliza, "Mwanangu, wewe uko kidato cha kwanza. Na tumbo lako je, liko kidato cha ngapi?" Kisha humwongezea.

Wengi wetu tumeuona mkono wake wa kulia bila kuthubutu kuuliza. Safari hii tuliuliza, naye akatusimulia huku akichambua maharage.

Asubuhi moja ya mwaka 1965, yeye na mwenzake walikuwa wakiteremsha sufuria kubwa ya uji mekoni, kishikio kikakatika. Alikwisha kusema zaidi ya mara moja kwamba kishikio kile kimelegea. Uji ulimmwagikia toka begani hadi vidoleni. Alilazwa hospitali muda mrefu. Ngozi ilipopona, vidole vitatu vilibaki vimejikunja, na bodi iliyoendesha shule wakati huo ikamwambia akapumzike nyumbani moja kwa moja.

Karani wa bodi alimpelekea mbuzi wa pole kwao Mandewa. Kaka yake, Mzee Antipasi, alifurahi, akamchinja siku ile ile, na karani akakaa akala pamoja nao. Hapo ndipo kosa lilipofanyika. Kwa wazee wa kwetu, mbuzi akiletwa na aliyekukosea, mkamchinja na kumla pamoja, basi mmekwisha kupatana. Kwa hiyo Mama Anastasia alipotaka kudai fidia, kaka mtu aliona haya.

"Dada, nyama yao iko tumboni mwetu. Tutasimamaje mbele ya watu?"

Mama alimjibu abaki na haya zake, maana ugali wa watoto hausongwi kwa haya.

Alikwenda peke yake mjini kwa ofisa wa kazi, ambaye watu walimwita Bwana Kazi. Huyo alimweleza kwamba sheria inamlinda mfanyakazi aliyeumia kazini, akampeleka kwa daktari mkono upimwe, na shauri likafika mahakamani. Watu wa bodi hawakubisha kuhusu sufuria. Walisema tu kwamba mbuzi alikwisha kuliwa. Mama Anastasia akaomba ruhusa ya kusema.

"Mheshimiwa, mbuzi yule nililishwa, maana nilishindwa kushika tonge. Nashukuru, alikuwa mnono. Lakini kama yeye ndiye aliyemaliza kesi, mbona hakuufungua na mkono?"

Watu walicheka, hata karani. Hakimu hakucheka. Alisema kwamba pole ni wema na fidia ni haki, na aliyepokea wema hajaiuza haki yake. Akaamuru alipwe.

Baada ya hukumu Mama aliomba jambo moja zaidi: kurudi kazini. Bodi ilisita, ikiuliza mpishi wa mkono mmoja atafanya nini. Bwana Kazi akawashauri wamjaribu muhula mmoja. Muhula huo umechukua miaka kumi.

Aliporudi aliweka kanuni kwamba sufuria iliyojaa haiteremshwi; huchotwa kwanza hapo hapo mekoni mpaka iwe nyepesi. Tangu siku hiyo hajaungua mtu jikoni kwetu. Urbano, kijana wa kinu cha mafuta ya alizeti, alipoungua miguu, ni yeye aliyemsindikiza kwa Bwana Kazi mpaka akapata fidia yake. Siku hizi Mzee Antipasi mwenyewe huwaelekeza watu kwa dada yake, tena kwa sauti kubwa, kana kwamba wazo lile lilikuwa lake.

Mwaka ule ilikwisha kuamuliwa kwamba aondoke kwa sababu ameungua. Leo anaondoka kwa sababu muda wake umetimia, akiwa mpishi mkuu, na warithi wake jikoni amewafundisha mwenyewe. Anahamia kijiji cha ujamaa cha Mitundu kwa bintiye Selina, na tumesikia wanakijiji wamekwisha kumwomba awaonyeshe namna ya kujenga jiko la shule.

Asante kwa kila bakuli, Mama. Shikamoo, na huko uendako ukae kwa afya na furaha miaka mingi.