Kibao cha Wendell: Historia ya Marehemu Lowell Eugene Dettmer

Ndugu waombolezaji, majirani, na ninyi wa chama cha treni za bustanini mliokuja na kofia zenu, familia inawaomba utulivu wakati historia hii ikisomwa, maana marehemu aliagiza isomwe yote, pamoja na ile sehemu iliyomtia aibu.

Marehemu Lowell Eugene Dettmer alizaliwa tarehe 14 Machi 1941 mjini Orrville, Ohio, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Alvin na mama Hulda, akasoma hapohapo hadi akamaliza sekondari mwaka 1959, na mwaka uliofuata akaajiriwa katika kiwanda cha rangi huko Massillon, alikodumu hadi kustaafu mwaka 2003, kazi yake ikiwa kuanika juu ya paa vipande vya bati vilivyopakwa rangi na kuona jua, mvua na theluji vitaviharibu namna gani. Kwa hiyo hapakuwa na mtu hapa aliyeijua mvua kuliko yeye, na hilo hakuacha kulisema.

Tarehe 8 Juni 1963 alifunga ndoa na Lorraine Kesselring katika kanisa hili hili, wakajaliwa watoto wawili, Corinne na Dwight, na alipostaafu akatandika reli ya treni ndogo kuzunguka bustani yote ya nyuma, akisaidiwa na rafiki yake wa kufa na kuzikana, Wendell Pruitt, naye Lowell akawa anachapa mwenyewe, kwa printa ya nyumbani, stika zote za mabehewa na vibao vya vijiduka vilivyopangwa kando ya reli.

Wendell alifariki Novemba 2009, na kwa desturi ya chama stesheni moja ndogo ya reli hiyo ikapewa jina lake, Lowell akamwahidi mjane, Imogene, kwamba kibao chake kingedumu kuliko wao wote. Tarehe 12 Juni 2010, siku ya kufungua bustani kwa wageni, Imogene alifika na wajukuu zake, watu wakiwa na sahani za saladi ya viazi mikononi, mvua ikaanguka, na wino wa kibao ukaanza kuchuruzika. Kwa haraka zake Lowell alikuwa ameipuliza vanishi ya kuzuia maji karatasi nzima kwanza, ndipo akakata kibao, kingo zikabaki wazi na maji yakapenya humo, kosa ambalo kiwandani aliwagombeza wengine kwalo maisha yake yote. Jina liliteremka ukutani likawa doa la buluu, na mjukuu mdogo akapaza sauti, "Bibi, babu amefutika!"

Lowell aliingia ndani akafunga mlango, hakutoka hadi wageni walipokwisha kuondoka, na tangu siku hiyo hakuweza kumtazama Imogene usoni. Imogene akipiga simu, Lowell alimwashiria mkewe aseme hayupo, akimwona dukani aliacha toroli na maziwa yake akatokea mlango wa pili, na hata ibada alihamia ile ya alfajiri. Wakati huohuo alichapa kibao kipya kwa wino wa unga, usioyeyuka majini, juu ya plastiki, safari hii akakata kwanza, akapuliza vanishi nyembamba mara kadhaa hadi kingoni, akakitundika upande wa kusini wa gereji, kikapigwa na jua na barafu miaka nenda rudi bila kupauka.

"Wewe mzee, kibao kimeshaiva, mpelekee mwenzio," Lorraine alimwambia.

"Bado. Ngoja baridi moja tu ipite."

"Kila mwaka baridi moja tu! Unaogopa mvua au unamwogopa Imogene?"

Kibao kilibaki palepale.

Septemba 2022 moyo wake ulianza kudhoofika, na Februari 2023 alilazwa hospitali mjini Wooster. Hapo ndipo Imogene alipoingia chumbani bila kualikwa, Lowell akaanza kumweleza habari za kingo na vanishi, mama huyo akamkatiza.

"Lowell, ile mvua mimi na watoto tuliicheka njia nzima, na Wendell angecheka mpaka akae chini. Lakini Novemba nilifiwa na mume, Juni na wewe ukanikimbia. Nani alikuambia nakudai kibao?"

Marehemu alijifunika uso kwa shuka, akasema "Nisamehe," na Imogene akamshika mkono hadi wauguzi walipomwambia muda umekwisha. Lowell alifariki Alhamisi tarehe 2 Machi 2023, saa kumi na mbili asubuhi, ameacha mjane, watoto wawili na wajukuu watano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuondolea theluji mlangoni, wenzake wa kiwandani, na wanachama wote. Imogene alikuwa amekaa kule nyuma na wageni, familia imemwomba aje mbele, naye amekubali, ameketi hapa na Lorraine kama mfiwa, mahali alipostahili kuwa miaka yote hii.

Pumzika, Lowell, kwa amani, hakuna tena unayemkimbia.