Mkongojo wa Shujaa

Benchi la mbele ya duka la mikate, pale Leskovac, mji wa Serbia, halina mwenyewe lakini lina wenyewe. Wa kwanza kufika huwa Vidoje. Huegemeza mkongojo wake kwenye mti uliobandikwa matangazo ya waliofariki, akawasha jiko dogo la gesi na kuchemsha kahawa kwenye kibirika cha mpini mrefu. Kisha huja Trajko, aitwaye Bunge kwa kuwa hajawahi kumaliza hoja, na Slavoljub, aitwaye Profesa, ambaye shuleni alikuwa mtu wa kuwasha majiko ya madarasani. Nebojša hupitia hapo akienda kazini. Yeye hubuni silaha za mchezo wa kompyuta, mapanga na marungu ya watu wasiokuwepo, na benchini wanamwita Mhunzi. Asubuhi hiyo alitamani kupita upande wa pili wa barabara, lakini Vidoje alishammiminia, na vipande viwili vya sukari pembeni kama kawaida.

— Kaa, Mhunzi, alisema Bunge. Mjukuu wangu kanirushia kitu cha mchezo wenu. Mji mzima unacheka. Sikilizeni.

Akaweka simu katikati ya benchi. Ikatoka sauti nzito ya kutisha:

"Mkongojo wa Shujaa. Uzito wa kati, pigo kali. Mwenyewe aliwaambia watu ni vita. Kumbe alianguka mtini akiiba plamu za jirani."

Masikio ya Nebojša yakawaka moto. Sauti ile ilikuwa yake, imenenepeshwa kwa mashine. Kazini kwao, silaha ikishabuniwa, hupewa maneno ya msimulizi kwa sauti ya yeyote aliye karibu, upuuzi wowote wa kushikilia nafasi, mpaka mwigizaji aje arekodi ya kweli. Maneno ya silaha nyingine zote yalibadilishwa. Haya aliyasahau, na mchezo ukatoka nayo.

Tena hayakuwa upuuzi mtupu. Msimu uliopita, wakisubiri rakija, pombe kali ya plamu, ichuruzike kwenye mtambo, Vidoje alimwambia yeye peke yake kisa cha mguu wake. Alikuwa likizo kutoka jeshini, akapanda mti wa jirani, tawi likakatika, mguu ukaungwa vibaya. Alipotoka hospitali na sare zake, watu kwenye basi walisimama kumpisha. "Nikakaa, Mhunzi," alisema. "Mguu ulikuwa unauma. Nimekaa mpaka leo." Hakumwambia mtu yeyote kuwa ni vita. Hilo Nebojša aliliongeza mwenyewe kwa kuwa lilichekesha.

— Huyo ni meya yule wa zamani, alisema Bunge. Si alikuwa anachechemea kila uchaguzi ukikaribia?

— Meya apande mti? Profesa akaguna. Mtu aliyeshindwa ngazi za ofisi yake. Huyo ni jemadari wa enzi za Waturuki. Wameificha historia.

— Jemadari mzima aibe plamu?

— Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Sasa hiyo inaingiaje hapo?

— Mwenyeji ni mti.

— Acha hizo. Mimi nimeshang'amua, alisema Bunge na kusogeza kikombe. Hakuna jemadari wala nani. Hao ni watu wa kiwanda cha jemu. Wanataka tulale tukiwaza plamu, tuamke tukiwaza plamu, halafu wapandishe bei.

— Na mkongojo je?

— Ndio mtego wenyewe. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mkuu ni kiwanda.

Vidoje alikuwa akikoroga kahawa taratibu, hajainua kichwa. Hakuna hata mmoja aliyetupa jicho kwenye mti ule ulioegemezewa mkongojo. Mguu wa Vidoje kwao ulikuwa kitu cha heshima, haikuwaingia akilini kabisa kuuhusisha na mzaha huo. Heshima hiyo ndiyo iliyomuumiza Nebojša kuliko kicheko cha mji mzima.

— Lakini ni aibu, Bunge akaendelea. Mtu kujitia shujaa wakati walioumia vitani kweli wapo. Jirani Vidoje, ungemfanya nini mtu wa namna hiyo?

— Ningemmiminia kahawa, alisema Vidoje.

— Una roho nzuri mno wewe. Haya, Mhunzi, kazi si yenu hiyo? Nani kaandika?

— Tuko wengi pale, alijibu Nebojša.

Akajichukia papo hapo.

— Kikulacho ki nguoni mwako, alisema Profesa, ambaye msemo huo aliutumia hata akiumwa jino.

— Jirani Vidoje, Nebojša akaanza.

— Kunywa, inapoa.

Hapo akatoka Jagoda, muuzaji mpya wa duka la mikate, aliyehamia juzijuzi kutoka mji wa Vranje, akiwa na burek, mkate wa jibini wa moto, kwenye karatasi. Alipoinama kuiweka benchini, kiwiko chake kikagusa mkongojo. Akauzuia usianguke.

— Samahani, baba. Mguu ulipatwa na nini?

— Vitani, binti, alidakia Bunge. Pale darajani.

— Daraja gani? alisema Profesa. Lilikuwa bomu la kutegwa.

— Nani kakwambia?

— Wewe.

— Mimi? Mimi niliambiwa na wewe.

Wakatazamana. Jagoda bado alikuwa ameushika mkongojo.

— Nimemuuliza mwenyewe, alisema.

Vidoje akainamisha kibirika juu ya kikombe chake, likatoka tope la mwisho. Akazima jiko.

— Muulize Mhunzi, alisema kwa upole. Yeye ananisimulia vizuri kuliko ninavyojisimulia.

Bunge akaangalia simu, akaangalia mkongojo, akaigeuza simu kifudifudi. Profesa akavua kofia bila kujua kwa nini. Wote wakamgeukia Nebojša, na Vidoje naye akamtazama, akisubiri kama wengine. Nebojša akafungua mdomo. "Maneno yale niliyaandika mimi," alisema kwa sauti yake mwenyewe, isiyonenepeshwa, "na la vita niliongeza."