Uwele Uliopurwa Mara ya Pili

Ndugu zangu, jina la Bwana lisifiwe, hata kwa sauti iliyochoka kama yangu. Mimi si msemaji. Nimesimama kwa sababu Bwana amenitoa mahali, nami sitaki kupita kimya.

Wengi wenu hapa Kinampanda mlimzika pamoja nami mke wangu, Naomi. Mlikaa matanga, mkaondoka, nami nikabaki na nyumba. Tulikuwa ndiyo kwanza tumehamia kijiji cha ujamaa, na katika darasa la watu wazima bwana shamba alitugawia kijitabu cha kupanga kazi. Kusoma nilikuwa nimejua karibuni, nikakifuata kwa kidole mpaka mwisho. Kilisema panga kazi ya kesho leo jioni. Anza na iliyo ngumu. Usisubiri watu. Kila saa iwe na kazi yake.

Nikafanya yote. Sisemi uongo, ndugu zangu, kijitabu kile kilikuwa cha kweli. Shamba langu lilikuwa safi, hata mwenyekiti alinitaja mkutanoni. Lakini mimi nilijua kwa nini nalima hivyo. Nilikuwa naikimbia nyumba. Watu walipokuja kunijulia hali niliwaambia nina kazi, na kweli nilikuwa nayo. Mwishowe hawakuja tena.

Ukafika wakati wa kupura. Mnajua desturi yetu, uwele haupurwi na mtu mmoja. Mama wa nyumba hupika togwa, majirani huja na fimbo zao, wakapiga kwa kupokezana huku wanaimba. Kwangu hapakuwa na wa kupika togwa. Nikapura peke yangu, kidogo kidogo kila asubuhi, kama kijitabu kilivyoelekeza, mpaka ghala likajaa.

Nilipomaliza niliketi, nikakisoma tena kijitabu tangu mwanzo, nikitafuta nilichoruka. Sikuona. Kila neno nilikuwa nimelitenda, na bado nilikuwa nimechoka kiasi cha kushindwa kusali. Nikamwambia Mungu hilo tu, kwamba nimechoka.

Kesho yake akaja mama mkwe wangu na chungu cha togwa, na wanawake nyuma yake wameshika fimbo. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani, kwa hiyo alisimama upande wa pili wa uwanja, akanipa mgongo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Tumekuja kupura."

"Nimekwisha pura, mama."

"Nimesikia. Umepura kama mtu aliyeiba uwele. Makapi yako wapi?"

Nikamwambia yapo nyuma ya ghala. Jirani mmoja akachota kiganja, akapuliza, akatazama punje zilizobaki.

"Hee, shemeji, ulikuwa unawapuria kuku?"

Wakacheka. Wakayamwaga makapi uwanjani, wakaanza kupiga, na wimbo ulikuwa ule ambao Naomi alizoea kuuanzisha. Nikainuka nishike fimbo.

"Wewe keti," mama mkwe akasema bila kugeuka. "Mwenye msiba hapuri."

"Mama, ni zamani sasa."

"Kwangu si zamani."

Nikaketi. Nikalia mbele ya watu, mtu mzima, na hakuna aliyeninyamazisha. Ng'ambo ya uwanja niliuona mgongo wa mama mkwe ukitikisika. Yule alimzaa Naomi, na mimi nilikuwa sijaenda kumwona tangu matanga.

Jioni ile nilisali.

Ndugu zangu, uchovu wote haujaisha. Lakini Bwana amenitoa katika kukimbia. Kijitabu bado ninacho, na shamba bado nalipanga. Nawe uliyefiwa na unajificha nyuma ya jembe, mwamini Bwana. Mwambie umechoka, kisha uache mlango wazi, maana atakaowatuma watapita hapo.

Uwele wangu wa mwaka huu umekauka uwanjani. Sijaugusa. Njooni na fimbo zenu. Mama mkwe ameshaanika kimea cha togwa.