Udongo wa Kichuguu cha Nkambo

FIDÉLIE: Haloo? Nani huyo? Namba hii siijui.

BERTIN: Yaya Fidélie, dada yangu, ni minye. Bertin.

FIDÉLIE: Bertin! Mudogo wangu! Kumbe uko muzima? Mwezi wote hakuna simu, hakuna — ngoja kwanza. Philomène, chukua tu! Chukua vipande viwili, vile vikubwa. Ndiyo, vya njano njo vitamu. — Haloo? Jambo, Bertin.

BERTIN: Jambo, yaya. Nani huyo? Unamupa nini?

FIDÉLIE: Philomène, jirani wa meza yangu hapa soko ya Kikula. Naye ana mimba, tumbo lake na langu yanafukuzana. Sauti yako iko mbali sana.

BERTIN: Nimepanda juu ya kichuguu. Chini rezo ya simu hakuna. Simu ni ya dereva, mayunite ya kupigia ni kidogo. Yaya... unatafuna nini?

FIDÉLIE: [anacheka] Ee, masikio! Natafuna zawadi yako.

BERTIN: Ule wa mufuko? [mkwaruzo]

FIDÉLIE: Haloo? Bertin? Rezo hii nayo —

BERTIN: Nipo. Tema.

FIDÉLIE: Nini?

BERTIN: Tema, yaya. Kilicho kinywani. Ninaku — [mkwaruzo] — ninakuomba.

FIDÉLIE: Weye! Si mwenyewe ulinitumia mufuko muzima na gari ya kampuni? Ukasema, "Yaya una hamu ya udongo, kula wa kwetu." Nikaukausha juu ya bati, nikauchoma kwa moto wa makala ya jiko kama mama alivyotufundisha. Leo niteme? Umekunywa?

BERTIN: Sijakunywa.

FIDÉLIE: Basi hao bantu wa kampuni wamekugeuza kichwa. Mujukuu muzima unazunguka na mashine kwenye shamba la nkambo, babu yako mwenyewe, kama muntu anayepekua mifuko ya maiti —

BERTIN: Yaya, sikiliza —

FIDÉLIE: Wamepata nini? Shaba? Cobalt? Sema nicheke mapema.

BERTIN: Si shaba.

FIDÉLIE: Alors, ni nini basi?

BERTIN: [anashusha sauti] Monsieur Franck, mukubwa wetu, yule mwenye kusoma mawe, alituapisha. Atakayesema nje, kazi imekwisha siku hiyo hiyo. Na minye kazi hii... unajua niliitafuta sababu ya nini.

FIDÉLIE: Najua. Nizae kwa hospitali, nisizae kama Danielle wa hapa sokoni alivyozaa wa kwanza, chini, kwa taa ya simu.

BERTIN: Njo vile. Yaya, tunatembea na kimashine fulani. Tunakiita nyenje, sababu kinalia kama nyenje wa porini. Siku zote kilikuwa kinalia polepole. Leo Franck akasema, acheni miamba, pimeni vichuguu. Muchwa anachimba chini kuliko muntu yeyote. Kilicho huko chini, yeye ndiye anakipandisha.

FIDÉLIE: Kisha?

BERTIN: Tukafika nyuma ya jiko la nkambo.

FIDÉLIE: Kile cha mama?

BERTIN: Kile mama alikuwa anakata udongo. Kile nilikukatia mufuko wako.

FIDÉLIE: Na nyenje?

BERTIN: Haikupumua. Ilipiga kelele mupaka — [mkwaruzo] — Franck akacheka, akamupiga dereva mugongoni, "tumepata, tumepata!" Bantu wote wakacheka. Minye ndiye nilikuwa nimeishika. Nikaukumbuka mufuko wako.

FIDÉLIE: Mashine haitanitisha minye. Mama alikula udongo huu kwa tumbo lako. Na weye huyo hapo, mabega kama mulango wa kanisa.

BERTIN: Na kwa tumbo la Merdi, ndugu yetu aliyekufa?

FIDÉLIE: Na la Merdi.

BERTIN: Na wale wawili kabla yako?

FIDÉLIE: Wale hatuwataji kwa simu.

BERTIN: Leo tuwataje.

FIDÉLIE: Sababu ya hao watatu tulimufukuza shangazi Michelle, Bertin. Tulisema ni yeye anayekula watoto wa mama kwa uchawi. Minye nilimurushia nguo zake njiani, nikiwa binti mudogo, nikaimba na wenzangu. Akaenda kufa Kapolowe peke yake. Sasa unaniambia nini? Eh? Unaniambia nini?

BERTIN: Nakuambia kichuguu kilikuwa nyuma ya jiko siku zote hizo.

FIDÉLIE: Huyu wangu wa tumboni anacheza. Nikila tu, anaruka.

BERTIN: Nenda hospitali leo. Mupigie bwana yako Mathieu huko Shituru, aache kazi, akupeleke. Mwambie dokta udongo umetoka wapi.

FIDÉLIE: Dokta atauliza ndani yake kuna nini. Nimujibu nini? Nyenje imelia?

BERTIN: [upepo] Wananiita, yaya. Franck ananitazama.

FIDÉLIE: Basi shuka. Linda kazi. Minye nita —

BERTIN: Mwambie ni urani.

FIDÉLIE: Punguza sauti, weye!

BERTIN: Urani! Na Franck asikie! Kitu ambacho Likasi nzima tunakitaja kwa kunong'ona, kiko kwa kikapu chako, yaya, kando ya nyanya!

FIDÉLIE: Urani.

BERTIN: Mufuko ule umekula peke yako?

FIDÉLIE: Nimegawa. Kila meza yenye muke mwenye tumbo. Nilisema ni wa kwetu, ni baraka ya nkam — Philomène! Philomène, simama!

BERTIN: Yaya, mayunite yana —

FIDÉLIE: Toa kinywani! Tema, mama, tema! Apana, si mucheko! Nani mwingine amechukua leo? Danielle! Muiteni Danielle!

BERTIN: Yaya? [mulio mufupi wa kuonya kwamba mayunite yanakaribia kuisha] Yaya, umesikia? Hospitali!

FIDÉLIE: [mbali, katika kelele za soko] Temeni! Temeni wote! Ni minye niliyewapa, ni minye ninayesema temeni!

BERTIN: Ndiyo, Monsieur Franck. Ndiyo, nimelitaja neno hilo. Ni dada yangu. Nashuka, nashuka, na kofia ya kampuni hii hapa, chukua. Niache tu nisikie kama wametema —

[Simu inakatika.]