Karatasi ya Mpango

Fundi cherehani hakukusudia kusikiliza, ila binti wa kiti cha mbele yake kwenye basi, bado na sare za shule, alikuwa anaongea kama redio. Ametoka kufanya mtihani wa mwisho wa fasihi, na sasa anamsimulia mzee aliyeketi naye, mwalimu mstaafu asiyemjua hata kwa sura.

“Dakika kumi nzima nilipanga insha, babu. Hoja nne, kila moja na mfano wake kutoka kwenye riwaya. Ndipo nikageuza ukurasa nikaanza kuandika.”

“Hapo umenikosha,” mzee akasema. “Wenzako huparamia tu, wakifika katikati hawajui waendako.”

“Nilipomaliza nikaing’oa karatasi ya mpango kwenye kijitabu cha majibu, kazi ibaki safi. Hii hapa.”

Mzee akavaa miwani, akasoma, akaitikia kwa kichwa. Fundi naye akanyoosha shingo. Kweli, mwandiko ulinyooka kama pindo la suruali mpya. Kisha mzee akaigeuza karatasi. “Mjukuu wangu, na huku nyuma ni nini?”

Binti akatazama. Redio ikazimika. “Utangulizi,” akanong’ona. “Na hoja ya kwanza. Mungu wangu! Turudi, babu, tuwapelekee!”

“Si bahasha za majibu zilifungwa mbele yenu?”

Basi likasimama. Hapo ndipo mzee alipopaswa kushuka, lakini hakuinuka. Fundi, ambaye miaka yote hajawahi kukata kitambaa bila kukigeuza kwanza, alishuka huku ameziba mdomo kwa kiganja.