Swali Kutoka Sinemani

Katika basi la Handeni, nyuma yangu, mwanamke aitwaye Mashavu alimwambia mzee aliyeketi naye kwamba amemwacha mumewe na anarudi kwao. Gari la sinema lilikuwa limekuja kijijini alikoolewa. Katika picha ile watu walipendana, wakaachana, na wake waliwauliza waume zao kama wanawapenda.

“Nami nikamuuliza wangu. Akasema, ‘Shamba lako nani alikulimia?’”

“Si amekujibu, mwanangu?”

“Hata shamba la ujamaa tunalima kijiji kizima, mzee. Wote wananipenda?”

Nilitamani kupiga makofi.

Basi liliposimama, mzee alimshushia Mashavu furushi lake.

“Mke wangu hajawahi kuniuliza,” alisema taratibu. “Miaka thelathini.”