Tumbo la Treni

Mshonaji hakuwa na nia ya kusikiliza ya watu, lakini wanaume wawili wa kiti cha mbele walizungumza kana kwamba basi ni lao. Mmoja alikuwa mwenye duka la vitu vya kuchezea, amepakata kitreni chekundu na bahasha iliyofungwa.

“Treni za mfano mia mbili, mzee wangu, zimevuka bahari, na hata moja haisogei. Nashuka Posta nikawatumie wenye kiwanda barua hii. Nimewaita matapeli mara tatu.”

Jirani yake, fundi mstaafu wa reli, akaomba kukiona. Akakipindua, akapenyeza ukucha, akachomoa kipande cha plastiki chembamba kama ganda la kitunguu, kilichobana magurudumu. “Hiki ni cha safarini tu. Kikifika kinatolewa.” Magurudumu yakazunguka.

Mwenye duka akashusha pumzi ndefu, mabega yakalegea. “Mungu akuweke, mzee. Wiki nzima usingizi nausikia kwa jirani.”

“Kwani hukupindua hata moja?”

“Treni inapinduliwa? Si ndiyo ajali hiyo?”

Mshonaji, ambaye hasifu gauni kabla ya kuligeuza ndani nje, akang'ata midomo asicheke.

“Hata hivyo kosa ni lao. Wangeandika.”

“Wameandika. Hapa tumboni.”

“Sasa nani anasoma tumbo?”

Walikuwa bado wanavutana basi liliposimama Posta. “Si ulisema unashuka hapa?” fundi akauliza.

“Nani, mimi?” akasema mwenye duka, bahasha ameikalia.